Bendera na Kipimajoto

Ziko habari za sayansi ambazo hutufikia zikiwa zimefunikwa bendera, hata mtu asiweze kuiona sayansi yenyewe. Ndivyo zilivyotufikia habari za India. Tarehe 23 Agosti 2023, saa 9 na dakika 34 alasiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, chombo chao kiitwacho Chandrayaan-3 kilitua salama mwezini, kusini zaidi kuliko chombo chochote kilichokuwa kimetua huko kabla yake. Siku nne kabla yake chombo cha Urusi, Luna-25, kilikuwa kimejigonga na kuvunjika katika mwezi huo huo. Magazeti yakaandika kwamba India imekuwa nchi ya nne kutua mwezini, baada ya Urusi ya Kisovieti, Marekani na China. Watu wakapiga makofi, na wiki iliyofuata wakahamia kwenye habari nyingine.

Mimi nilikuwa na swali langu. Huko walikopeleka bendera, wamepima nini? Nilifundisha sayansi kabla sijawa mkuu wa shule, na mazoea ya darasani hayamtoki mtu hata akivuka miaka 70. Mwanafunzi akiniambia kwamba amefanya jaribio, simwulizi alishangiliwa na nani. Namwuliza amepata ngapi. Basi nikawa nasubiri hesabu za Wahindi kama nilivyozoea kusubiri madaftari ya Ijumaa. Hesabu zilikuja, baadhi yake mwaka 2024 na nyingine 2025, na nadhani zinastahili kusimuliwa kwa nafasi kuliko kule kutua kwenyewe.

Lakini siwezi kuzieleza bila kuanzia kanisani.

Katika kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba, jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India, palikuwa na kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanafizikia Vikram Sarabhai alikuwa anatafuta mahali pa kurushia roketi ndogo za uchunguzi, akapapenda hapo kwa sababu ya kisayansi: karibu na Thumba hupita ikweta ya sumaku, ambayo si ile tunayoichora katika ramani. Juu ya mstari huo, kiasi cha kilomita 100 kutoka ardhini, hupita mkondo wa umeme angani, na wataalamu wa ulimwengu mzima walikuwa na hamu ya kuuchunguza. Askofu alizungumza na waumini wake, nao wakaliachia kanisa lao. Wahandisi wakaligeuza kuwa ofisi na karakana. Tarehe 21 Novemba 1963 roketi ya kwanza iliruka kutoka Thumba. Roketi yenyewe ilitoka Marekani, na mzigo wake ulikuwa mvuke wa sodiamu wa kupimia mwenendo wa upepo katika anga za juu. Iko picha maarufu ya enzi hizo inayoonyesha kichwa cha roketi kikisafirishwa kwa baiskeli.

Wengi huitazama picha ile wakacheka, au wakaitumia kujifariji kwamba hata aliyeanza na baiskeli aweza kufika mwezini. Mimi inanifundisha jambo jingine. Watu wale hawakungoja wawe na roketi yao wenyewe ndipo wawe na swali lao. Swali walikuwa nalo tayari, tena swali ambalo nchi tajiri za kaskazini zisingeweza kulijibu zikiwa nyumbani kwao, kwa kuwa mstari ule wa sumaku haupiti kwao. Roketi waliazima.

Sarabhai mwenyewe alifariki mwaka 1971, akiwa na miaka 52 tu. Alikuwa amesema waziwazi kwamba India haina ndoto ya kushindana na mataifa tajiri katika safari za mwezini, wala kwenye sayari, wala katika kupeleka watu angani. Alitaka teknolojia hiyo itumike kwa matatizo ya watu wa kawaida. Na kweli, kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976 India iliazima setilaiti ya Wamarekani ikarusha vipindi vya televisheni kwa vijiji vipatavyo 2,400, vipindi vya kilimo, afya na masomo, na ndani yake yalikuwamo mafunzo kwa makumi ya maelfu ya walimu. Kwangu mimi niliyefunzwa katika chuo cha ualimu ambako redio moja ilitutosha wote, habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mtu kukanyaga mwezi. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba chombo kilichotua mwezini mwaka 2023 kilipewa jina la Vikram kwa heshima ya yule yule aliyesema hawana ndoto hiyo. Wafu hawaulizwi.

Setilaiti yao ya kwanza, Aryabhata, ilirushwa na roketi ya Kisovieti tarehe 19 Aprili 1975. Ilibeba vifaa vya kuchunguza mionzi ya eksrei kutoka kwenye nyota. Baada ya siku chache umeme wa kuendeshea majaribio ukakatika, na sayansi ikaishia hapo. Mwaka 1979 roketi yao ya kwanza ya kubeba setilaiti ilianguka baharini katika Ghuba ya Bengali. Kiongozi wa mradi alikuwa Abdul Kalam, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Rais wa India. Kalam alipenda kusimulia kwamba siku ile mkuu wake, Satish Dhawan, aliwakabili waandishi wa habari yeye mwenyewe na kulibeba jukumu la kushindwa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 1980, roketi ilipofaulu, Dhawan alikaa pembeni akamwambia Kalam aende yeye kuzungumza na waandishi. Nimewahi kuwa chini ya wakubwa, na nimewahi kuwa na watu chini yangu. Sijaona mara nyingi jambo hilo likitendeka.

Nisiwachoshe kwa orodha. Mwaka 2008 India ilipeleka Chandrayaan-1 kuuzunguka mwezi. Kilichukua vifaa 11, na katika hivyo sita vilikuwa vya wageni. Kimoja, kilichotoka Marekani, ndicho kilichowezesha tangazo la Septemba 2009 kwamba udongo wa mwezi una alama za maji, kidogo kidogo, zimeenea mahali pengi. Wapo wanaobishana hadi leo kama ugunduzi huo ni wa India au wa Marekani. Ubishi huo ni wa bendera. Kifaa bila chombo cha kukibeba kingebaki kabatini, na chombo bila kifaa kingezunguka bure. Chombo chenyewe kiliacha kuwasiliana na dunia mwishoni mwa Agosti 2009, kabla ya kutimiza mwaka, ingawa kilikusudiwa kufanya kazi miaka miwili.

Kuhusu safari ya Mars nitasema neno ambalo marafiki wa India hawatalipenda. Chombo cha Mangalyaan kiliondoka Novemba 2013, kikaingia katika mzunguko wa Mars tarehe 24 Septemba 2014, katika jaribio la kwanza kabisa, kwa gharama ya rupia bilioni 4.5, yaani kiasi cha dola milioni 74. Kwa uhandisi hilo ni jambo la kuvuliwa kofia. Kilitarajiwa kuishi miezi sita, kikaishi mpaka mwaka 2022. Lakini kwa sayansi, mavuno yake yalikuwa madogo kuliko sifa zake. Kifaa kilichopelekwa kutafuta methani, hewa ambayo ingeweza kuwa dalili ya uhai, kilibainika kuwa hakiwezi kuitofautisha vizuri na kabonidayoksaidi iliyojaa kule. Zilipatikana picha nzuri za sayari nzima kwa mtazamo mmoja, na za upande wa mbali wa mwezi mdogo uitwao Deimos. Si haba. Ila mtu akiniambia kwamba Mangalyaan ndiyo fahari ya sayansi ya India, nitamwelekeza kwenye darubini yao ya AstroSat, iliyorushwa Septemba 2015 bila shangwe kubwa. Kwa kuitumia darubini hiyo, watafiti walioongozwa na Kanak Saha wa Pune walitangaza mwaka 2020 kwamba wamenasa mionzi mikali ya urujuanimno kutoka kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru bilioni 9.3. Wanaotaka kujua jinsi nyota za mwanzo zilivyoubadilisha ulimwengu uliokuwa na giza wanauhitaji ushahidi wa namna hiyo. Hakuna aliyefunga barabara kusherehekea.

Sasa turudi mwezini. Tarehe 7 Septemba 2019 chombo cha kwanza walichojaribu kukitua kilipotea kikiwa kimebakiza kilomita 2 tu, kikajigonga. Dunia nzima ilimwona mkuu wa shirika lao la anga, K. Sivan, akilia mbele ya kamera. Kile kilichokuwa kinazunguka juu hakikupotea, na kinaendelea na kazi. Wahandisi wakakaa miaka minne wakichambua kosa moja baada ya jingine. Wakaimarisha miguu ya chombo, wakaongeza mafuta, wakapanua eneo la kutua. Tarehe 14 Julai 2023 wakarusha tena.

Katika tumbo la chombo hicho mlikuwa na kipimajoto.

Ni kipimajoto kweli, si jina la kupamba. Ni kijiti chenye vihisi 10 vilivyopangwa kutoka juu hadi chini, kilichoshushwa na mota na kuzungushwa taratibu hadi kikaingia sentimita 10 katika udongo wa mwezi. Jambo hili laonekana dogo kwa anayedhani kwamba kuchoma kijiti mchangani ni kazi ya mtoto. Wamarekani walipeleka Mars mwaka 2018 kifaa kilichotengenezwa na Wajerumani ili kijichimbie kwa kujigongagonga kama nyundo na kupima joto la chini. Walihangaika nacho karibu miaka miwili, udongo ukakikataa, na mwanzoni mwa 2021 wakaachana nacho. Wanaanga wa Apollo walipima joto la udongo wa mwezi mwaka 1971 na 1972, lakini walikuwa mbali na ncha, na kazi ile waliifanya kwa mikono yao. Huku kusini hakuna aliyekuwa amechoma kitu.

Hesabu za kwanza zilitoka siku nne baada ya kutua. Katika kina cha sentimita 8 joto lilikuwa kiasi cha digrii 10 chini ya sifuri, wakati udongo wa juu ulikuwa unawaka. Fikiri, msomaji: tofauti ya zaidi ya digrii 50 katika urefu wa kidole cha shahada! Udongo ule ni vumbi jepesi lisilo na hewa kati ya chembe zake, nalo huzuia joto kuliko blanketi lolote.

Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2025, na hapo ndipo nilipofurahi kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa mwanawe. Walitarajia kwamba mchana, pale walipotua, joto la juu lingefikia digrii 57 hivi. Kipimajoto kikasema 82. Umbali wa kama mita moja tu kutoka hapo, kifaa kingine kikaonyesha kiasi cha digrii 59. Ni kwa nini? Kwa sababu mguu wa chombo ulikuwa kwenye mteremko mdogo, digrii 6 tu, ulioelekea jua. Katika sehemu zetu za ikweta, ambako jua huja utosini, mteremko mdogo hauleti tofauti kubwa. Kule kusini mwa mwezi jua hukaa chini, kama letu la saa 1 asubuhi, na mama yeyote aliyewahi kuanika dagaa asubuhi anajua kwamba ungo ulioinamishwa kuelekea jua hukausha upesi kuliko uliolala. Wahindi waliukuta ungo ulioinama mwezini.

Na kama mteremko ulioelekea jua unaongeza joto kiasi hicho, ulioligeuzia jua mgongo utakuwa baridi. Wakapiga hesabu: ukiwa na mwinuko unaozidi digrii 14 na umetazama upande wa ncha, chini yake kidogo huenda barafu ikaweza kukaa bila kuyeyuka na kupotea. Kabla ya hapo wengi waliyafikiria zaidi mashimo yenye giza la milele yaliyo kwenye ncha yenyewe, mahali pagumu kufika. Sasa pana sababu ya kutafuta pia mahali pengine, pepesi zaidi. Yote hayo kutokana na kijiti cha sentimita 10.

Kigari chao kidogo cha kilo 26, Pragyan, nacho kilitembea kiasi cha mita 100 na kupima asili ya udongo mara 23. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yanaunga mkono wazo kwamba zamani sana uso wote wa mwezi ulikuwa bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Hilo nalo si dogo, lakini kila mtu na kipenzi chake.

Nitaeleza kwa nini kipenzi changu ni kipimajoto. Katika shule moja niliyoiongoza tulikuwa na vipimajoto viwili. Kimoja kilivunjika, kingine kikaibwa. Niliandika barua tatu kwenye ofisi iliyohusika, na majibu yaliyokuja yalihusu ukarabati wa vyoo, ambavyo kusema kweli navyo vilihitaji ukarabati. Kwa hiyo mwalimu aliandika ubaoni: chukulia kwamba kipimajoto kinaonyesha digrii 27. Wanafunzi wakachukulia. Wakachora, wakatia majina ya sehemu, wakajibu mtihani wa vitendo kwa kalamu, na wakafaulu. Binti mmoja aliyepata alama za juu sana alikwenda chuo cha ualimu, na baadaye akarudi kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Wakati huo tulikuwa tumepata msaada wa sanduku la vifaa. Siku ya somo lake la kwanza alinifuata ofisini, akaniamkia, akasimama kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Samahani, Mwalimu, ni upande upi unaotiwa majini?" Nikamwonyesha. Hakuwa mjinga, alikuwa mmoja wa wanafunzi bora niliopata kuwafundisha. Alikuwa amechukulia kwa miaka minne.

Nakikumbuka kisa hicho kila ninapobishana na mzee mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati aliyestaafu kabla yangu. Yeye haoni haja ya nchi yenye watoto wasioshiba kwenda mwezini, na hakubali kujibiwa kwa maneno ya mafuta. Nilimpa gharama ya Chandrayaan-3, rupia bilioni 6.15. Akaigawa kichwani kwa watu bilioni 1.4, akapata rupia 4 na ushei kwa kila Mhindi. "Haifiki kikombe cha chai ya barabarani," akasema. Nikadhani nimeshinda. "Lakini, Mwalimu, chai hizo zote ukizimimina mahali pamoja ni hospitali. Usinichezee kwa kugawa. Nami najua kuzidisha."

Hoja hiyo ina uzito, na sina jibu la kuifuta. Nilichomwambia ni kwamba kipimajoto kile kilitengenezwa na maabara mbili: moja ni ya Ahmedabad, katika taasisi aliyoianzisha Sarabhai mwaka 1947, na nyingine imo katika kituo kilichokua kutoka pale pale Thumba penye kanisa. Kwa miaka yote hiyo walikuwapo vijana wa Kihindi walioshika vifaa, wakaviharibu, wakavitengeneza, wakawafundisha wengine. Fedha ya mwezini haikuzikwa mwezini. Chuma ndicho kilichobaki kule. Fedha ilibaki chini kama mishahara ya watu wanaojua ni upande upi unaotiwa majini. Na watu hao hao ndio walioshirikiana na Wamarekani kuunda setilaiti ya NISAR, iliyorushwa kutoka India tarehe 30 Julai 2025. Iliundwa ili ipime karibu nchi kavu yote ya dunia mara mbili kila siku 12, ione ardhi inavyodidimia au kuinuka hata kwa sentimita chache, na matokeo yake yatolewe bure kwa yeyote. Bonde letu la Ufa, linalotanuka polepole na kutikisika mara kwa mara, limo katika nchi kavu hiyo.

Mwenzangu alinyamaza kidogo, akasema kwamba bure ni neno zuri, ila angependa kujua ni nani kwetu atakayezisoma hesabu hizo. Sikumjibu, kwa kuwa hapo alikuwa ameugusa ule ubao wetu wa digrii 27.

Barafu yenyewe bado haijashikwa na mtu. India na Japani zinaandaa safari ya pamoja: Wahindi watatengeneza chombo cha kutua, Wajapani watatoa kigari na roketi, na kigari kitakuwa na keekee ya kutoboa udongo wa kusini mwa mwezi kwa kina kinachozidi mno sentimita zile 10. Serikali ya India iliidhinisha mradi huo Machi 2025. Wataanza kwa kuchagua mteremko.